Siku Magari ya Pargetter Yalipokana Undugu

Niliwaacha wiki jana nimesimama ndani ya mfereji, maji kiunoni, kofia yangu inaelea kwenda zake, na motokaa ya Bwana Pargetter iko chini ya nyayo zangu, imelala kama ng'ombe aliyeshiba.

Mliouliza: ndiyo, nilitoka. Gari nalo lilitoka, likivutwa na farasi wanne, na mwenye farasi alicheka mpaka akaomba mahali pa kukaa. Dorcas, aliyekuwa mchumba wangu, habari zilimfikia kabla suruali yangu haijakauka. Alichosema mnakijua. Siku hizi anatembea na karani wa kiwanda cha baiskeli, mtu ambaye chombo chake kikitumbukia majini anakitoa mwenyewe na kukibeba begani.

Tuyaache hayo. Nimechoka kuyasimulia kuliko nilivyochoka kuyapata.

Ya leo si yangu peke yangu. Ni ya baba.

Kwa anayeanza kusoma leo: mimi ni Jabez Tranter, mjaribu magari katika kiwanda cha Pargetter, hapa Coventry. Kazi yangu ni kukalia kisanduku cha mbao kilichofungwa juu ya chesisi tupu, bila bodi wala kioo, na kukimbia barabarani mpaka kitu kivunjike. Kikivunjika, nalaumiwa mimi. Kisipovunjika, anasifiwa baba.

Baba ni Enoch Tranter, mkuu wa mafundi wanaosugua vyuma kwa tupa. Vyuma vikitoka kwenye mashine huwa vimezidi kidogo hapa na pale. Fundi hukibana chuma kwenye jiliwa lililofungwa mezani, akakipiga tupa, akakijaribu, akakipiga tena, mpaka hiki kimkubali kile. Baba amesimama mbele ya jiliwa lake tangu enzi tulipokuwa tukitengeneza baiskeli. Hata Bwana Pargetter, mwenye kiwanda, humwita Fundi, maana ndiye aliyemfundisha.

Lakini baba ana miaka sitini na ushei. Mzee wa umri huo akitoka kwa Pargetter, hakuna kiwanda Coventry nzima kitakachomchukua, hata kufagia. Na baba bila jiliwa simjui. Siku za sikukuu huzunguka nyumbani akishika vitasa vya milango, kuona kama vimekaa sawa.

Kwa hiyo mkisikia nasema kiwanda kinakufa, jueni nani anakufa nacho.

Na tulikuwa watu, msidhani. Bwana Pargetter alianza kwa kutia injini kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Ikamkimbiza farasi wa mchungaji, mchungaji akiwa juu yake, na Bwana Pargetter akaona hapo pana biashara. Miaka mitatu mfululizo gari letu lilishinda mashindano ya kupanda mlima. Malodi, mabwana wenye vyeo na mashamba, walikuja wenyewe kuagiza. Tulikuwa mafundi mia mbili, na tulipotoka kazini jioni wenye baiskeli walitupisha njia.

Halafu wateja wakaanza kupungua kama nywele za mtu mzima, polepole, mpaka siku unapojiangalia kwenye kioo.

Gari letu moja lilichukua miezi mitatu kumalizika. Lodi anaweza kungoja miezi mitatu, ila lodi naye akishanunua hanunui tena. Daktari wa kijijini hawezi kungoja. Na gari likimharibikia, ilimbidi alirudishe kwetu kwa treni, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kulielewa. Madaktari wakatafuta magari ya watu wengine. Tukapunguzwa, tukapunguzwa tena, tukabaki sitini, tena wa kufanya kazi siku tatu kwa juma.

Hapo ndipo ikaja habari ya London. Kampuni moja ya teksi ilikuwa inaachana na farasi. Ilitaka motokaa mia mbili za aina moja, na mkubwa wake, Bwana Quennell, angefika Alhamisi kutazama zetu.

Tulikuwa nazo kumi na mbili zimekamilika uani, hazina mnunuzi. Bwana Pargetter akatukusanya. Akasema magari haya ni mazuri, ila Alhamisi lazima yawe mazuri zaidi. Kisha akamgeukia baba na kumwambia: "Fundi, yafungue. Yapitie yote."

Wiki nzima walifanya hivyo. Baba na wazee wenzake walifungua giaboksi moja baada ya nyingine, wakazitoa gia, wakazipiga tupa laini, wakazisugua kwa unga wa kung'arishia. Kila gia ilifundishwa tabia za shafti yake. Kila shafti ilifundishwa tabia za tundu lake. Baba alikuwa akiweka sikio juu ya kifuniko na kuzungusha kwa mkono, halafu anatikisa kichwa, anafungua tena.

Horace Mundy, fundi wa jiliwa la pili, ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo, alisema mke wake hajawahi kushikwa kwa upole namna ile, na kosa ni lake yeye Horace.

Hakuna aliyeona tatizo. Mimi nisione, nani aone? Tulikuwa tunafanya kile kile tulichosifiwa nacho maisha yetu yote, ila kwa bidii zaidi.

Alhamisi akaja Bwana Quennell. Mtu mfupi, koti zuri, buti mbaya. Tukaambiwa baba yake alikuwa mwendesha teksi ya farasi, na yeye mwenyewe aliwahi kushika hatamu. Bwana Pargetter akamwonyesha rangi, ambayo hupakwa mara nyingi mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Bwana Quennell akaitikia kwa adabu, kisha akanijia mimi.

"Wewe ndiye uliyeliogesha gari mferejini?"

"Ndimi, bwana."

"Likaja kutembea tena?"

"Kesho yake."

"Na wewe?"

"Mimi bado najianika, bwana."

Akacheka, akapanda, akasema twende. Bwana Pargetter akapumua. Nikamwona baba mlangoni, amejifunga aproni mpya, mikono nyuma kama mtoto aliyepangwa mstari wa mbele shuleni.

Gari namba tatu lilikimbia vizuri. Lilipita barabara ya Holyhead likinong'ona. Bwana Quennell alinyamaza kwa namna ya mtu anayependa anachosikia, na mimi nikaanza kuhesabu baraka zangu, kosa ninalolirudia kila wiki kwenye ukurasa huu.

Katikati ya kilima cha Corley nikaingiza gia ya pili, nikasikia mlio kama mtu anatafuna kokoto.

Jino la gia lilikuwa limekwenda. Tukarudi kwa gia ya kwanza, mwendo wa bata, nikitunga hotuba ya kuomba radhi. Sikuihitaji. Bwana Quennell hakukasirika hata kidogo. Aliwaambia wote uani kwamba jino kuvunjika si dhambi, yeye mwenyewe amebakiwa na machache. Teksi zake zingevunjika kila siku, ndiyo kazi yake teksi. Alichotaka kukiona ni jinsi tunavyolitibu gari.

Bwana Pargetter akamwambia kwa fahari kwamba gia mpya itachongwa na kumalizwa kwa mkono, na Jumanne gari litakuwa tayari.

Bwana Quennell akatazama ua, magari yamejipanga yaking'aa. "Jumanne ya nini? Mnayo mengine kumi na moja hapo. Toeni gia ya hilo, tieni kwenye hili."

Nikamtazama baba. Baba akatazama mawingu.

"Haitaingia," baba akasema.

"Kwa nini isiingie? Si gari moja hili?"

"Ni magari kumi na mawili."

"Yana jina moja, mzee. Rangi moja. Bei moja."

"Na mimi nina jina moja na huyu Jabez," baba akasema. "Jaribu kumvalisha meno yangu."

Watu wakacheka, mgeni pia. Baba hakucheka, hakuwa ametania.

Bwana Quennell akasema tujaribu tu, amejipa siku nzima. Yakaingizwa karakanani, likafunguliwa namba saba, ikatolewa gia ya pili, ikaletwa kwenye shafti ya namba tatu. Ikagoma mlangoni. Upana wa unywele ndio uliozidi, ila chuma hakijui huruma ya unywele. Likafunguliwa namba tisa. Gia yake ikaingia bila shida, ikaingia mno, ikawa inacheza juu ya shafti kama mtoto ndani ya buti la babu yake.

Wakajaribu ya tano. Wakajaribu ya kumi na moja. Kila moja ilikuwa na sababu yake ya kukataa. Wiki iliyopita huenda mawili kati ya yale yangeweza kuazimana. Sasa, baada ya kazi ile yote, kila gari lilikuwa limefungiwa ndoa yake na kutupiwa ufunguo kisimani.

Baba akairudia ile ya namba saba, akaibana kwenye jiliwa, akachukua tupa.

"Unafanya nini sasa?" Bwana Quennell akauliza.

"Naitambulisha."

Ikawa piga, jaribu, toa. Piga, jaribu, toa. Bwana Quennell aliletewa kreti akakaa. Akaletewa mkate na jibini akala, macho yakiwa kwenye mikono ya baba. Hakuharakisha mtu. Bwana Pargetter alikuwa akizunguka nyuma yake akieleza habari za ngozi ya viti, mpaka sauti ikamwishia.

Nilimpelekea baba chai ikapoa. Nikamnong'oneza kwamba labda aikaze tu kwa nyundo ili mgeni aende zake, mengine tutaona baadaye. Akanitazama kama nimemwambia tukaibe kanisani.

Mgeni akajipangusa makombo. "Mzee," akasema, wala si kwa ubaya, "mimi nina madereva mia mbili London. Gia zikivunjika huko, nifanye nini? Kila teksi niipakie mzee mmoja kiti cha nyuma, na jiliwa lake?"

"Abiria atakaa wapi?" Horace akauliza.

"Hilo ndilo swali langu," Bwana Quennell akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka, isipokuwa Horace, naye aliacha katikati.

Saa ya chai ya jioni ilikuwa inakaribia wakati baba alipoweka tupa chini. Gia ikaingia. Haikusukumwa. Iliteleza ikakaa, kama mtu anayerudi kwenye kiti chake mwenyewe. Tukafunga, tukatia mafuta, nikaondoka na Bwana Quennell mpaka Corley na kurudi, na gia ya pili sikuisikia kabisa. Ilibidi nitazame mkono wangu kuhakikisha kwamba nimeiingiza.

Tuliposhuka, mgeni alimwendea baba, akavua kofia. "Sijawahi kusikia gia nzuri kama hii," akasema. "Maisha yangu yote, sijawahi."

Baba akafuta mikono kwenye aproni, akafuta tena, haijulikani alikuwa anafuta nini.

Mgeni akaangalia namba saba, tumbo wazi, gia yake haipo tena wala haiwezi kurudi. "Na hilo?"

"Nitalitengenezea yake," baba akasema. "Jumanne."

Bwana Quennell akavaa kofia. Akaingia ofisini na Bwana Pargetter, mlango ukafungwa, na sisi tukabaki tumesimama kama ndugu wa mgonjwa.

Walizungumza kwa kitambo. Kisha Bwana Pargetter akachungulia, akaniita mimi. Mimi, si baba. Nikajua ni mambo ya mfereji yamenirudia.

Hayakuwa ya mfereji.

Oda ilikuwa yetu. Bwana Quennell alinieleza mwenyewe: gari limempendeza, injini imempendeza, zote mia mbili atazichukua hapa. Nilitaka kumkumbatia. Alinizuia kwa kuinua kidole, maana alikuwa hajamaliza.

Zitatengenezwa kwa vipimo vya chuma. Kipande kikitoka kwenye mashine kitapitishwa kwenye tundu la kipimo. Kikipita, kizuri. Kisipopita, kitupwe. Hakuna kukibembeleza. Na katika chumba cha kuunganishia magari haitaingia tupa hata moja.

"Hata ya kusafishia kingo?" nikauliza.

"Fundi akiwa na tupa mkononi ataitumia," akasema. "Nimemwona leo. Ningekuwa na mikono ile, hata mimi ningeitumia."

Nikauliza mafundi wa tupa watakwenda wapi. Bwana Pargetter akaanza kueleza kwamba vijana watajifunza kulisha mashine, Horace na wa umri wake, itakuwa sawa. Alipofika kwa wazee akageuka, akatazama dirishani. Majiliwa yangeng'olewa Jumatatu. Mashine mpya zinahitaji nafasi.

"Na baba?"

"Fundi hataweza kusimama kulisha mashine, Jabez. Na akiweza hatataka. Unamjua kuliko mimi."

Sharti la mwisho likafuata, na hapo ndipo nilipotafuta kiti. Chumba kipya kilihitaji msimamizi, na Bwana Quennell alinitaka mimi. Nilidhani ananidhihaki. Akasema hapana, kiwanda kizima ni mimi peke yangu nisiye na uchungu na vyuma. "Umevivunja vyote," akasema. "Mtu kama wewe ataweza kukitupa kibaya bila kulia."

Kazi yangu ya kwanza ingekuwa kumwambia baba.

Nikamwambia Bwana Pargetter kwamba hilo ni lake, yeye ndiye mwenye kiwanda. Uso wake ulikuwa umezeeka tangu asubuhi. Akasema alishikishwa tupa na Enoch Tranter akiwa na miaka kumi na minne, mikono juu ya mikono, na hawezi.

"Mimi amenizaa," nikasema.

"Ndiyo maana. Wewe akikukasirikia, kesho bado ni baba yako. Mimi kesho nitakuwa sina Fundi."

Bwana Quennell alikuwa na treni ya kuwahi. Alitaka jibu langu kabla hajaondoka: nakubali usimamizi kwa masharti hayo, au sikubali. Nisipokubali, hatamtafuta mwingine kati yetu, atavuka barabara kwa washindani wetu. Na sisi, Krismasi hatuioni. Sote sitini, majiliwa na wenye majiliwa.

Mngesema nini? Mimi nilisema nataka maji ya kunywa. Nikatoka.

Sikufika kwenye maji. Nilifungua tu mlango wa karakana, nyundo zikaanza.

Kwetu, kijana akimaliza uanagenzi, au fundi akioa, kila mtu hushika nyundo na kupiga chuma kilicho karibu naye, kwa nguvu zake zote, mpaka vioo vitetemeke. Ni heshima. Baba amewapigia wengi. Yeye mwenyewe hajapigiwa tangu siku ya harusi yake.

Horace alikuwa amechungulia dirisha la ofisi, akaona wakubwa wanashikana mikono. Hakuhitaji zaidi. Alikimbia kutangaza kwamba oda imepatikana, na aliyeipata ni Mzee Enoch kwa gia yake. Sasa baba alikuwa juu ya kreti ile ile aliyokalia mgeni, nyundo zinamlilia pande zote, na uso wake sijawahi kuuona vile.

Akainua mkono, wakanyamaza.

Baba si mtu wa hotuba. Alisema magari mia mbili yanataka mikono mingi, kwa hiyo ameshawaambia watu wayapake mafuta majiliwa yote ya zamani yaliyo stoo. Atachukua vijana ishirini, atawafundisha tupa mwenyewe, asubuhi, kabla ya kazi. Halafu akakwama kidogo.

"Nilidhani nimekwisha," akasema. "Wiki nzima hii, nikipiga tupa, nilikuwa najua nimekwisha."

Ndipo akaniona. Akaniuliza, mbele ya watu sitini, mgeni amesema nini ofisini juu ya ile gia.

Swali lilikuwa jepesi, na jibu la kweli lilikuwapo, tena sifa tupu. Nikalishika hilo hilo kama mtu anayezama.

"Anasema hajawahi kusikia nzuri kama ile, Baba."

Nyundo zikalipuka upya. Horace akawa anapiga chesisi ya namba saba. Baba alishuka kwenye kreti, akaja kunishika mabega, jambo ambalo hafanyi. Mikono yake ilinuka mafuta na unga wa kung'arishia.

Katikati ya kelele hizo nikasikia nyundo zinazimika moja moja, kuanzia upande wa ofisi. Bwana Quennell alikuwa amesimama mlangoni, koti mkononi. Nyuma yake Bwana Pargetter, macho chini. Mgeni alitazama kreti, akatazama nyundo, akatutazama mimi na baba. Nadhani alielewa, na nadhani angependa kutokuelewa. Lakini treni ni treni.

"Kijana," akasema. "Nakwenda. Ni ndiyo au ni hapana?"

Karakana nzima ilinigeukia. Hawakujua swali. Walijua tu kwamba London imeuliza, na mtoto wa Mzee Enoch ndiye wa kujibu.

Baba akanitikisa bega, anacheka.

"Mwambie ndiyo, mwanangu," akasema. "Unangoja nini?"